Nailoni ya Mwenye Gari

Nyinyi vijana mnaokwenda Ghuba siku hizi mmesomea masoko na mnajua kuchora chati za rangi. Hongereni. Mimi nilikwenda nikijua kupokea simu na kuandalia wageni chai, na nusura nifukuzwe kabla sijamaliza muda wa majaribio kwa sababu ya neno moja tu: jipya.

Kwetu Kenya mtu akinunua gari jipya majirani huja kumpongeza, na hakuna anayeshangaa kwamba gari lenyewe limeshaendeshwa Japani na mwalimu fulani wa huko mpaka mwalimu akalichoka. Maadamu limeshuka Mombasa likiwa halijakanyaga barabara zetu, hilo ni jipya. Ndivyo tulivyokua tukisema Voi, na ndivyo nilivyosema Doha. Nilikuwa mpokea wageni kwenye shorumu ya magari ya Ulaya. Siku hiyo wauzaji walikuwa wamekwenda kula, mzee mmoja wa Kikatari akaingia, akaweka kiganja juu ya boneti ya gari la rangi ya fedha, akaniuliza kama ni jipya.

"Jipya kabisa," nikamjibu kwa fahari. "Halijawahi kuendeshwa hapa Doha."

Akaondoa kiganja. "Hapa Doha halijaendeshwa," alisema polepole. "Basi liliendeshwa wapi?"

Ningenyamaza hapo ningepona. Badala yake nikamwambia labda huko lilikotoka, lakini kidogo tu.

Yule mzee alikuwa ameshashika mlango wa kutokea wakati Mzee Badru alipojitokeza na kitambaa chake begani. Mzee Badru alikuwa Mganda wa Jinja, mkuu wa sehemu ya kuandaa magari kabla hayajakabidhiwa kwa wenyewe, na Kiarabu cha Ghuba alikisema bila kufikiri. Hakubishana na mteja. Alifungua mlango wa gari, akapigapiga kiti kwa vidole ili nailoni iliyokifunika isikike, akasema neno moja la Kiarabu, akacheka. Mteja naye akacheka, akarudi, akakaa juu ya nailoni ile kwa raha zake zote. Gari lile aliliondoa wiki hiyo hiyo.

"Wewe dada," Mzee Badru aliniambia baadaye, "hapa upya wa gari iko kwa nailoni. Ukiona nailoni, gari ni mpya. Nailoni ikitoka, hata malaika ashuke aape, watasema *mustaamal*, ile imetumika. Hiyo Kiswahili yenu ya Kenya itatuulia kazi."

Basi hilo lilikuwa somo langu la kwanza, na nimecheka nalo miaka yote. Sasa nimestaafu, nipo Voi, nina gari langu dogo lililotoka Japani na kilomita zake nyingi, na mtu akiniuliza namwambia ni jipya. Huku nina haki ya kusema hivyo.

Nailoni zile ni zile zinazotoka na gari kiwandani. Zinafunika viti, milango kwa ndani, mazulia, na vioo vidogo vya dashibodi vina ngozi yake nyembamba iliyobandikwa. Doha niliona watu wakikaa na nailoni za viti mwaka mzima, jua linazikausha, zinapasuka mapajani, na bado hawazivui. Mwanzoni nilidhani ni ushamba. Mzee Badru alinikemea. Aliniambia mtu akilipia kitu kipya, analipia pia ile haki ya kuwa wa kwanza kukigusa, na haki hiyo si ya fundi wala si ya muuzaji. Ndiyo maana yeye aliosha, akapima upepo wa magurudumu, akajaribu taa na kiyoyozi, lakini nailoni aliipita kwa adabu kama mtu anayepita mbele ya chumba cha wazazi.

Alinifundisha na mengine. Mteja wa Doha usimwambie bei kabla hajashika kikombe cha kahawa. Akija na watoto, waonyeshe watoto kwanza, kwa sababu wao ndio watakaomkumbusha nyumbani. Usimpe mwanamume wa pale mkono kabla hajanyoosha wake. Na ukitaka kumwonyesha gari wakati wa joto, washa kiyoyozi nusu saa kabla, maana pale hakuna anayeuliza injini ina nguvu gani mpaka ahakikishe kwamba ndani kuna baridi. Nilijifunza hayo nikiwa bado mezani pa mapokezi. Wanawake wa Kikatari walipoanza kuja wenyewe kununua, wakaonekana kunipendelea mimi kuliko wale vijana wa tai, nikahamishwa kuwa muuzaji.

Sasa nije kwa Mista Piet.

Mista Piet alikuwa Mholanzi mrefu aliyeletwa kuwa meneja wa mauzo. Alikuja na ramani kubwa ya Ulaya, akaibandika ukutani nyuma ya meza yake, kila nchi na rangi yake kulingana na magari mapya yanayonunuliwa huko. Ilikuwa ile miaka ya msukosuko wa uchumi. Alitukusanya asubuhi na kutuambia kwamba Ulaya imebadilika: watu wanakimbilia magari madogo, na wenye familia wanataka stesheni wagoni za buti refu. Alisema Doha nayo itafuata, na sisi tutakuwa wa kwanza. Akaagiza shehena nzima.

Nataka mjue hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu, na ramani yake ilikuwa nzuri mno.

Magari yalipofika, wateja waliyazunguka kwa heshima ya kuyaonea huruma. Mmoja aliangalia kale kadogo kabisa, akaniuliza, "Haka ni ka kuonjesha? Gari lenyewe liko wapi?" Pale barabarani kila mtu alikuwa juu, kwenye magari makubwa meupe yaliyoinuka, na wewe ukiingia kwenye gari dogo unaona matairi ya wenzako usawa wa masikio. Stesheni wagoni ndizo zilizonipendeza mimi, kwa sababu kwetu hilo ndilo gari la kila shughuli. Hubeba viazi, hubeba wanakwaya, na nilijizuia kumwambia mteja kwamba siku ya huzuni hubeba na jeneza juu. Waarabu waliziangalia, wakauliza kwa nini gari limerefushwa nyuma halafu halikuinuliwa.

Kisha Mista Piet akafanya jambo lililotutia matatani. Kwao, alisema, mteja hukabidhiwa gari lililo tayari, safi, halina hata kipande cha plastiki. Nailoni kwake ilikuwa uchafu wa kiwandani. Asubuhi moja akamwambia Mzee Badru, mbele yangu, avue zote kwenye viti, milango na mazulia ya shehena ile.

"Bosi," Mzee Badru alisema, "watu wa hapa hawatakubali."

"Watazoea," alijibu Mista Piet, na simu yake ikalia, akaondoka.

Mzee Badru alinitazama, akakunja mikono ya shati, akaenda kuvua. Bosi ni bosi, na tajiri wetu, Abu Nasser, alikuwa Ulaya kwa likizo ya kiangazi kama wenzake wote wenye uwezo.

Aliyelianzisha balaa alikuwa Umm Hamad, mteja wangu wa zamani. Alikuja na binti yake aliyeanza chuo, wakitaka gari dogo, na mimi moyoni nikasema angalau moja limepata mtu. Binti alilipenda rangi. Umm Hamad akafungua mlango, akakiona kiti kitupu, akaufunga taratibu. "Mustaamal," alisema. Nikaapa kwamba halijatumika. Akaniangalia kwa masikitiko, kama mtu anayegundua kwamba na wewe pia ni mwongo, akamshika binti mkono wakaondoka. Baada yake wengine wakawa hivyo hivyo, na habari ikaenea kwamba sisi tunauza magari yaliyochoka kwa bei ya mapya.

Abu Nasser aliporudi alikuta uwanja wetu umejaa magari yaliyo uchi. Hakupiga kelele, hakuwa mtu wa kelele. Alitusimamisha wote karibu na yale magari, akauliza swali moja: nani alivua nailoni?

Nilimwangalia Mista Piet. Mista Piet aliangalia viatu vyake.

"Ni mimi, Abu Nasser," alisema Mzee Badru. "Ni mikono yangu."

"Kwa akili yako?"

Mzee Badru alikikunja kitambaa chake. Mimi nilifungua mdomo, naye akanikanyaga kidole cha mguu bila hata kunitazama.

Hapa lazima niwaeleze kilichokuwa hatarini, ili msidhani ni hadithi ya plastiki. Mzee Badru alikuwa na binti mmoja tu, Zulaika, na ndoa yake ilikuwa imepangwa Jinja, Ijumaa ya kwanza baada ya Idi ya kuchinja. Kwa Waislamu baba ndiye anayemwozesha binti. Ndiye anayetamka maneno. Anaweza kumweka mtu mwingine awe wakili wake, lakini Mzee Badru alikuwa hakuwepo binti alipozaliwa, hakuwepo alipoanza shule, hakuwepo mama yake alipozikwa, na alikuwa amejiapiza kwamba hili la ndoa hatalituma kwa simu. Sasa, wakati huo kule Katar, mfanyakazi hakutoka nchini bila kibali cha mwajiri. Abu Nasser asiposaini, ndege inaondoka na wewe umebaki kwenye chumba chako cha Industrial Area na zawadi zako za harusi chini ya kitanda.

Abu Nasser alisema hivi: "Magari haya yakiisha, Badru anasafiri. Yasipoisha, anabaki mpaka yaishe. Khalas." Akaingia ofisini.

Niliwaka. Nilimfuata Mzee Badru kwenye karakana yake nikamuuliza kwa nini ananikanyaga wakati namtetea.

"Ungesema nini?" aliniuliza huku akisuuza kitambaa. "Kwamba ni Mista Piet? Yeye alikuwa amesimama pale, ana mdomo. Mtu mwenye mdomo hasemewi."

"Na Zulaika je?"

Aliendelea kusuuza kitambaa kilichokwisha kuwa safi. Sijawahi kuumia kwa ajili ya mtu asiye ndugu yangu kama nilivyoumia jioni ile.

Mwenzetu Kioko, Mkamba wa Machakos aliyekuwa dereva wa kuhamisha magari, alikuja na suluhisho. "Dada Sabina, mbona mnajistress? Kuna jamaa Industrial anauza nailoni kwa roli. Tunavisha hizi gari zote usiku mmoja. Nani atajua?"

Nikiri kwamba nililifikiria. Lakini Mzee Badru alikataa hata kabla Kioko hajamaliza. "Umm Hamad atajua mimi nimemdanganya," alisema.

"Hatajua, mzee."

"Mimi nitakuwa najua. Na ile nailoni nitaenda nayo kwa nikaha ya mtoto wangu, nimekaa mbele ya shekhe, mdomoni niko na uongo. Hapana."

Kioko akashika kichwa. "Huyu mzee ni noma," alinong'ona, na kwa namna alivyosema nilijua naye amekubali.

Basi ikabaki kuuza, na kuuza kwa ukweli. Shida ni kwamba sikujua niuze kwa nani. Nilikwenda kusimama mbele ya ramani ya Mista Piet, yeye akiwa hayupo, nikaiangalia kwa chuki. Nikaona jambo ambalo lilinifanya nicheke peke yangu. Siku zote pale Doha watu walinikera kwa kuniuliza, "Wewe wa Afrika? Namjua mtu wa Afrika, anaitwa Mamadou." Nikawa nawaeleza kwamba Afrika si kijiji. Na mimi miaka hiyo yote nilikuwa nikisema "wateja wa Ulaya" kana kwamba wote wamezaliwa na mama mmoja. Ile ramani ilikuwa na rangi tofauti kila nchi. Waitaliano walipenda vigari vidogo kweli kweli. Wajerumani na Waswidi walikuwa na stesheni wagoni zao. Wafaransa wakati huo walikuwa wamezama kwenye dizeli. Na watu hao hao walikuwa wakishuka Doha kila wiki, walimu, mainjinia, wauguzi, wanapanga nyumba Al Wukair na kwingineko, na wanahitaji gari.

Tangu siku hiyo niliacha kumuuliza mteja ana bajeti gani. Niliuliza ametoka wapi. Jaribuni. Mtu ukimuuliza bajeti anajikunja. Ukimuuliza kwao, anakwambia mpaka gari alilofundishiwa na baba yake.

Wa kwanza alikuwa Ulrike, mwalimu wa Kijerumani aliyekuja shule moja ya kimataifa. Nilimwonyesha gari dogo kwa sababu ramani ilisema wakati ule Wajerumani wanayanunua sana. Alicheka. Akaniambia madogo yalivuma kwao kwa kuwa serikali iliwapa watu motisha waachane na magari makuukuu wanunue mapya, na wengi wakachukua la bei nafuu. "Hata mimi nililinunua langu kwa kichwa," alisema. "Moyo wangu una mbwa wawili." Nikampeleka kwenye stesheni wagoni. Alipofungua buti nilimwona amefika nyumbani.

Viti vitupu havikumshughulisha hata kidogo. Kwao ndivyo magari yanavyokabidhiwa. Aliingia, akashika usukani, kisha akainama mbele kuangalia saa ya dashibodi. Akaweka ukucha pembeni ya kioo cha ile saa, akavuta. Ikatoka ngozi nyembamba ya nailoni na ule mlio wake, na Ulrike akatabasamu kama mtoto aliyefungua zawadi.

Mimi nilibaki nimesimama. Nailoni? Nilidhani zote zimevuliwa. Nikatoka mbio uwanjani, mwanamke mzima na viatu vya visigino, nafungua mlango wa gari moja baada ya jingine. Kila moja lilikuwa na ngozi yake juu ya saa, haijaguswa, bapa kama ilivyotoka kiwandani.

Nilimkuta Mzee Badru amelala chini ya gari. Niliongea na miguu yake. "Mzee, umeacha nailoni za saa?"

"Mista Piet alisema viti, milango na zulia," miguu ilijibu. "Saa hakusema. Hiyo ni ya mwenye gari. Siku zote hiyo mimi siigusi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Niletee spana ile ya kumi na tatu."

Nilimletea spana huku machozi yakinilengalenga, na siku hiyo nilirudi kwenye meza yangu nikiwa na pumzi ambayo sikuwa nayo tangu Abu Nasser aliporudi.

Nilimpigia simu Umm Hamad. Sikumpamba kwa maneno. Nilimwambia sisi wenyewe tulivua nailoni za viti kwa makosa, hakuna aliyelikalia gari lile ila dereva aliyelishusha, na kuna kitu kimoja ndani yake kinachomsubiri binti yake. Alikuja, nadhani kwa udadisi tu. Nilimkalisha binti, nikamwonyesha saa, nikamwambia ajaribu ukucha. Msichana alivuta ile ngozi taratibu mpaka mwisho, akamgeukia mama yake akicheka, akataka kujua kama kuna nyingine.

Umm Hamad alinigeukia mimi. "Nani aliiacha?" aliuliza.

"Yule mzee wa kuandaa magari," nilisema. "Anasema hiyo si yake."

Akalichukua gari. Na siku mbili tatu baadaye wakaja dada zake, maana familia ile haikuwa ndogo.

Sitawadanganya kwamba magari yalikwisha kwa wepesi. Yenye gia za mkono yalinitoa jasho, kwa kuwa Doha kila mtu ni otomatiki, mpaka nilipowakumbuka Waitaliano wa kampuni moja ya ujenzi, ambao waliona aibu kuendesha kitu kisicho na klachi. Nilikwenda mpaka Umm Salal, nje ya mji, kumfuata Mfaransa mwenye shamba la mboga. Kila nilipokabidhi ufunguo nilimwachia mteja ile saa, nikasogea pembeni, nikatazama kwingine. Hilo ni jambo la kujifunza: muuzaji asimame karibu wakati wa kusaini, lakini wakati wa kubandua awe mbali.

Kioko ndiye aliyekuwa akitutangazia. Akipita karakana anasema, "Mzee, zimebaki kidogo. Nunua suti." Mzee Badru anamwambia aendeshe kazi yake.

Idi ikawa imekaribia na tumebaki na gari moja tu, stesheni wagoni ya kahawia, na kahawia Doha ni rangi ya vumbi, hakuna anayelipia vumbi. Nilizungukia kila mzungu niliyemjua. Ulrike aliniambia kwa upole kwamba hata Ujerumani hilo ni la mwalimu aliyestaafu. Niliacha kulala vizuri. Nikimwona Mzee Badru anakunja kanzu ya harusi aliyoshonesha, naondoka pale alipo kwa kisingizio cha simu.

Basi asubuhi moja Mista Piet akaja mezani kwangu. Kwa wiki zote hizo nilikuwa nikimsalimia kwa midomo tu. Aliomba ufunguo wa la kahawia. Nilimpa nikidhani anataka kulihamisha. Akakaa ndani yake muda mrefu, mlango wazi, mikono juu ya usukani, halafu akarudi.

"Baba yangu alikuwa nalo kama hili," alisema. "Nalinunua mimi."

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Abu Nasser, akafunga mlango. Sikusikia walichoongea. Alipotoka masikio yalikuwa mekundu, lakini alitembea akiwa amenyooka, na alipita karakana, akasimama mbele ya Mzee Badru, akampa mkono. Mzee Badru alifuta wake kwanza kwenye kitambaa.

Abu Nasser aliniita. Kibali kilikuwa mbele yake, kimeshasainiwa. "Ya Sabrina," alisema, maana miaka yote jina langu hakulipata sawasawa, "unadhani sikujua? Badru hakuwahi kunibandulia hata kioo cha redio, na mimi ndiye tajiri wake. Atavua viti vya shehena nzima kwa akili yake? Nilitaka aliyemwamuru aje mwenyewe aseme."

"Na asingekuja je?" nilimuuliza.

"Ningesaini," alisema, akiwa anatafuta kifuniko cha kalamu.

Sijui kama angesaini. Nilimwonea hasira na yeye pia, nawaambia ukweli, kwa kuichezea furaha ya mtu ili amfundishe mwingine adabu. Lakini karatasi ilikuwa mkononi mwangu na wino wake haujakauka, na furaha iliifunika hasira yote. Nilishuka ngazi mbili mbili.

Mista Piet alisisitiza kumpeleka Mzee Badru uwanja wa ndege mwenyewe, kwa lile gari la kahawia, mimi nikakaa nyuma na masanduku. Ilikuwa asubuhi na kulikuwa na kaubaridi. Tulipoegesha, niliona saa ya dashibodi bado ina ngozi yake. Mista Piet aliigusa kwa kidole, akamwambia Mzee Badru, "Ibandue wewe."

"Gari si yangu, bosi."

"Ni langu. Na mimi nasema uibandue wewe."

Mzee Badru alikuwa akiandaa magari tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na hiyo ngozi ya saa hakuwahi kuigusa hata mara moja. Akaweka ukucha pembeni, akaivuta polepole mpaka ikatoka yote, akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akashuka, akachukua masanduku yake, akaenda kuozesha.

Mengine yaliyofuata mnayajua. Miaka iliyokuja Wazungu wenyewe walianza kupanda juu. Walizikimbia stesheni wagoni wakataka magari yaliyoinuka, wakaanza kupenda rangi nyeupe, kisha dizeli nayo ikawatumbukia nyongo, na Wanorwe wakahamia umeme kabla ya wenzao. Mista Piet alikuwa akibadilisha rangi za ramani yake kila mwaka, na kila akimaliza ananiita niione, kisha ananiuliza mimi watu wa Doha wanasemaje. Alikuwa ameacha kudhani kwamba ramani inaongea. Lile la kahawia aliliendesha mpaka alipohama, na hakuna mtu aliyemcheka mbele yangu.

Ijumaa ile baada ya Idi nilikuwa zamu. Simu ililia mfukoni nikatoka nje kuipokea, na nilisikia vigelegele kwanza, vingi mpaka sauti ya Mzee Badru ikazama ndani yake. Alirudia mara kadhaa kabla sijamsikia.

"Sabina, nimemwoza. Mimi mwenyewe. Kwa mdomo wangu."

Niliketi pale pale kwenye ukingo wa lami, na sketi yangu ya kazi, nikalia kwa nafuu mpaka mlinzi wa mlangoni akanijia na maji. Nilipomaliza nilinawa uso, nikarudi ndani. Kulikuwa na mwanamke mgeni amesimama karibu na gari la dirishani, anasita kuligusa. Nikamkaribia, nikamuuliza ametoka wapi.